Mafunzo ya urubani kwa simuleta

Mafunzo ya urubani kwa simuleta ni sehemu ya masomo ya rubani inayofanyika ardhini, ndani ya mtambo unaoiga chumba cha marubani na mwenendo wa ndege ikiwa hewani. Mwanafunzi hushika usukani, husoma vipimo, huzungumza kwa redio na kukabili hitilafu kana kwamba anaruka, lakini hakuna mafuta yanayochomwa na kosa halisababishi ajali.

Simuleta hutumika katika kila ngazi ya urubani, kuanzia mwanafunzi anayejifunza kusoma vipimo vya ndege ndogo hadi rubani mkuu wa shirika la ndege anayepimwa uwezo wake mara kwa mara. Kwa mtu anayetaka kuajiriwa na shirika la ndege huku akijilipia masomo, au akilipiwa na wazazi, mkopo au michango ya ndugu, simuleta inaweza kupunguza gharama, na pia inaweza kumpotezea fedha. Tofauti hutegemea mambo matatu: aina ya mtambo, hatua ya masomo aliyofikia, na kama mamlaka itakayompa leseni inazikubali saa alizofanya humo.

## Historia

Simuleta ya kwanza iliyoenea ilibuniwa kwa sababu ya gharama. Mmarekani Edwin Link (1904–1981) alianza kujifunza urubani mwaka 1920, wakati masomo hayo yalikuwa ghali sana. Baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda mjini Binghamton, katika jimbo la New York. Link alitumia ujuzi wa kiwanda hicho, yaani pampu na mivukuto ya hewa, kutengeneza kiti chenye mabawa mafupi kilichoinama na kugeuka kufuatana na usukani. Kifaa hicho kilikamilika mwaka 1929.

Wanunuzi wa kwanza walikuwa hasa viwanja vya burudani. Hali ilibadilika mwaka 1934, jeshi la anga la Marekani lilipopewa kazi ya kusafirisha barua. Marubani wengi wa jeshi hawakuwa na mazoezi ya kutosha ya kuruka usiku na katika hali mbaya ya hewa, na kadhaa walikufa katika muda wa majuma machache. Mwaka huohuo jeshi lilinunua vifaa 6 vya Link. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia vifaa vya aina hiyo vilitumika kufundisha mamia ya maelfu ya marubani.

Baada ya vita zilikuja simuleta za umeme, halafu za kompyuta. Mwaka 1948 shirika la Pan Am lilianza kutumia simuleta ya ndege aina ya Boeing 377 iliyokuwa na chumba kizima cha marubani. Baadaye ziliongezwa picha za mandhari ya nje na jukwaa linalosogea kwa miguu sita. Kuanzia mwaka 1980 Mamlaka ya Shirikisho ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA) iliweka utaratibu ambao rubani mzoefu angeweza kumaliza mafunzo ya ndege mpya kwake ndani ya simuleta ya hali ya juu.

## Aina za mitambo

Neno "simuleta" hutumika kwa vitu vyenye bei na uwezo tofauti sana.

* Programu za nyumbani huendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida. Mifano ni Microsoft Flight Simulator, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1982, X-Plane, na FlightGear inayopatikana bure. Saa zake hazihesabiwi kwa ajili ya leseni.
* Vifaa vya mafunzo vya msingi huwa na usukani, pedali, redio na vipimo vya ndege ndogo, lakini kwa kawaida havisogei. Marekani huvigawa katika daraja mbili, BATD na AATD. Ulaya hutumia majina FNPT I na FNPT II.
* Vifaa vya mafunzo ya urukaji (FTD) huiga chumba cha ndege ya aina fulani kwa ukaribu zaidi, mara nyingi bila kusogea.
* Simuleta kamili (FFS) huiga ndege moja mahususi, kama vile Boeing 737 au Airbus A320. Huwa na jukwaa linalosogea na zimepangwa katika ngazi A hadi D. Ngazi ya D ndiyo ya juu kabisa. Mtambo mmoja hugharimu mamilioni ya dola, na ndiyo sababu saa moja ndani yake hukodishwa kwa bei ya juu kuliko saa ya ndege ndogo halisi.

Mtambo wa bei ya juu si lazima uwe bora kwa kila somo. Mwanafunzi anayejifunza namna ya kuingia kwenye mzunguko wa kusubiri juu ya kituo cha redio hupata faida ileile, au kubwa zaidi, katika kifaa cha msingi kinachofanana na ndege yake kuliko katika simuleta ya ndege kubwa ambayo bado hawezi kuimudu.

## Saa zinazohesabiwa

Viwango vya chini vya kimataifa huwekwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), na kila nchi hutunga kanuni zake juu ya viwango hivyo. Kwa idhini ya kuruka kwa vyombo, yaani kuongoza ndege kwa kusoma vipimo bila kutegemea kuona nje, ICAO hutaka saa 40 za vyombo. Kati ya hizo, zisizozidi 20 zinaweza kufanyika ardhini, au 30 ikiwa simuleta kamili inatumika. Leseni ya rubani wa shirika la ndege huhitaji saa 1,500 za kuruka, na zinazoweza kutoka kwenye simuleta ni 100 tu.

Nchini Marekani, kati ya saa 40 za vyombo, FAA hukubali hadi saa 10 za kifaa cha BATD au hadi saa 20 za AATD, mradi kifaa kina barua ya idhini na mkufunzi aliyeidhinishwa yupo. Katika Umoja wa Ulaya, mafunzo ya vyombo kwa ndege ya injini moja yanayochukuliwa kwa vipande huwa na saa 50. Kati ya hizo, hadi 20 zinaweza kufanyika katika FNPT I, au hadi 35 katika FNPT II au simuleta kamili.

Kutokana na kanuni hizi, saa ya simuleta isiyohesabiwa haipunguzi hata dakika moja ya kiwango cha chini kinachotakiwa na sheria. Kama kanuni zinadai saa 200 za ndege, mwanafunzi atazilipia zote hata akiwa hodari kiasi gani. Faida ya saa zisizohesabiwa ni kumzuia asivuke kiwango hicho kwa kurudia masomo. Faida hiyo si ndogo, kwa kuwa wanafunzi wengi humaliza wakiwa wamelipia saa nyingi kuliko zile za chini zinazotajwa katika matangazo ya shule.

## Faida inayopungua

Watafiti wa saikolojia ya usafiri wa anga, hasa Stanley Roscoe wa Marekani katika miaka ya 1970, walionyesha kwamba saa za mwanzo za simuleta huokoa muda mwingi wa ndege, na kila saa inayoongezwa huokoa muda mdogo kuliko iliyotangulia. Kipimo chake ni rahisi: saa za ndege zilizookolewa hugawanywa kwa saa za simuleta zilizotumika.

Mfano wa kubuni unaonyesha hesabu hiyo. Tuseme somo fulani linahitaji saa 10 za ndege bila simuleta, saa moja ya ndege pamoja na mkufunzi ni dola 200, na saa moja ya simuleta pamoja na mkufunzi ni dola 80.

* Mwanafunzi akifanya saa 4 za simuleta, saa za ndege zinashuka kutoka 10 hadi 6. Ametumia dola 320 na kuokoa dola 800.
* Akiongeza saa 4 nyingine, saa za ndege zinashuka kutoka 6 hadi 5. Ametumia tena dola 320, lakini ameokoa dola 200 tu. Katika sehemu hii ya pili amepata hasara ya dola 120.

Katika mfano huu bei ya simuleta ni asilimia 40 ya bei ya ndege. Kwa hiyo saa ya simuleta hulipa ikiwa inaokoa angalau dakika 24 za ndege. Chini ya hapo, ni nafuu kwenda kuruka. Shule inayokodisha simuleta kwa bei inayokaribia ile ya ndege huwa imeondoa karibu faida yote ya fedha, isipokuwa kwa mazoezi ambayo ni hatari kufanywa hewani.

## Yanayofundishika na yasiyofundishika

Simuleta hufaa zaidi kwa kazi zenye utaratibu: kufuata orodha ya ukaguzi, kuzungusha macho kwenye vipimo, kufuata njia za redio, kukaribia uwanja wa ndege katika mawingu, na kugawana kazi kati ya marubani wawili. Mkufunzi anaweza kusimamisha mtambo, kueleza kosa, kisha kurudisha ndege mahali ilipokuwa. Njia ya kukaribia uwanja ambayo huchukua dakika 20 hewani inaweza kurudiwa mara kadhaa katika saa moja. Hitilafu kama injini kuzimika mara tu baada ya kupaa hufanyiwa mazoezi kwa usalama.

Mambo mengine hayafundishiki vizuri humo. Kuinua pua ya ndege sekunde chache kabla ya magurudumu kugusa njia, kuhisi upepo wa ubavuni, kutazama nje ili kuona ndege nyingine, na kutulia katika mtikisiko hujifunzwa hewani. Mtu aliyezoea programu za nyumbani bila mwalimu huweza kuja shuleni na tabia mbaya, kwa mfano kukodolea macho vipimo wakati anapaswa kutazama nje, au kutotumia pedali. Kuiondoa tabia hiyo hulipiwa kwa saa za ndege.

## Matumizi ya fedha kwa kila hatua

Kabla na wakati wa leseni ya rubani binafsi. Hatua hii huhusu kuiongoza ndege kwa kuona nje, kwa hiyo simuleta ina nafasi ndogo. FAA, kwa mfano, hukubali saa 2.5 tu za kifaa cha msingi kwa leseni hiyo. Programu ya nyumbani hufaa kwa kukariri mpangilio wa vipimo na njia za kuingia uwanjani. Si lazima kununua vifaa vya gharama kubwa. Wakufunzi wengi huwaambia wanafunzi wakae kwenye kiti mbele ya picha ya chumba cha ndege na kutamka kila hatua huku wakigusa mahali pa kila swichi, zoezi lisilogharimu chochote.

Idhini ya kuruka kwa vyombo. Hapa ndipo simuleta ya msingi hulipa zaidi, kwa sababu ujuzi wenyewe ni wa utaratibu na saa nyingi huhesabiwa. Mpangilio wenye faida ni kujifunza kila zoezi kwanza katika simuleta, kisha kulithibitisha katika ndege siku chache baadaye.

Ushirikiano wa marubani wawili. Katika mfumo wa Ulaya, kozi ya kufanya kazi katika chumba cha marubani wawili (MCC) huwa na saa 25 za nadharia na saa 20 za simuleta. Kozi iliyopanuliwa, APS MCC, huwa na saa 40 za simuleta na hulenga viwango vya mashirika ya ndege. Bei yake ni kubwa zaidi, kwa hiyo hufaa kuchukuliwa baada ya kujua kama mashirika ambayo mwanafunzi anayaomba kazi yanaithamini.

Usaili wa shirika la ndege. Mashirika mengi humpima mwombaji ndani ya simuleta. Anachotazamwa ni kama anaweza kuongoza kwa mkono bila mfumo wa kujiendesha, kushika kimo na mwendo, kuzungumza na mwenzake, na kujirekebisha baada ya kosa. Kipindi kimoja au viwili katika simuleta ya aina itakayotumika humwondolea mwombaji mshangao. Vipindi vingi zaidi huleta faida ndogo ikiwa misingi ya kuruka kwa vyombo imechakaa, na misingi hiyo hurudishwa kwa bei nafuu katika kifaa cha msingi.

Idhini ya aina ya ndege. Rubani wa ndege kubwa lazima apate idhini ya aina hiyo, na mafunzo hufanyika karibu yote katika simuleta kamili. Gharama yake huzidi dola 10,000. Kuinunua bila kuwa na ahadi ya kazi ni miongoni mwa maamuzi ya hatari zaidi kifedha katika safari ya urubani. Katika Ulaya idhini hiyo hudumu mwaka mmoja kabla ya kuhitaji kupimwa tena, na mwajiri anaweza kuwa na ndege za aina nyingine kabisa.

## Mambo ya kuhakikisha kabla ya kulipa

Mwanafunzi anayelinganisha shule huhitaji majibu ya wazi kwa maswali haya:

* Je, kifaa kina cheti cha idhini ambacho muda wake haujaisha, na kimetolewa na mamlaka gani?
* Ni saa ngapi za kifaa hicho zinahesabiwa kwa leseni inayotafutwa?
* Je, bei inajumuisha mkufunzi, maelezo ya kabla na baada ya kipindi, na kodi?
* Mtambo ukiharibika katikati ya kipindi, muda uliopotea unafidiwa vipi?
* Je, mpangilio wa vipimo unafanana na ndege ya shule?
* Fedha zilizolipwa mapema hurudishwa shule ikifungwa au mwanafunzi akihama?

Swali la mwisho lina uzito mkubwa. Shule za urubani katika nchi mbalimbali zimewahi kufunga ghafla zikiwa na ada za wanafunzi, na punguzo linalotolewa kwa anayelipa mamia ya saa kwa mkupuo haliwezi kufidia hasara hiyo. Kulipa kwa awamu, kila awamu ikifuata sehemu ya masomo iliyokamilika, hupunguza hatari. Kila kipindi huandikwa katika daftari la rubani pamoja na aina ya kifaa na sahihi ya mkufunzi. Saa isiyo na kumbukumbu huwa vigumu kuidai baadaye.

Namna ya kukitumia kipindi ina uzito kama bei. Anayefika akiwa amesoma ramani za njia na kukariri hatua hutumia saa nzima kufanya mazoezi. Anayezifungua ramani kwa mara ya kwanza ndani ya mtambo hulipia muda wa kusoma. Wanafunzi wawili wanaofuatana hufaidika pia kwa kukaa nyuma na kumtazama mwenzake kila mmoja anapopewa zamu, ikiwa shule inaruhusu.

## Afrika Mashariki

Leseni za marubani hutolewa na mamlaka ya kila nchi, zikiwemo KCAA nchini Kenya, TCAA nchini Tanzania na UCAA nchini Uganda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wakala wake wa kusimamia usalama wa anga, CASSOA, wenye makao mjini Entebbe. Shule nyingi za urubani za Kenya ziko katika Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, na Uganda ina chuo cha usafiri wa anga cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971. Chuo cha Ethiopian Airlines mjini Addis Ababa kina simuleta kamili kadhaa.

Wanafunzi wengi wa kanda hii husomea Afrika Kusini, Marekani au kwingineko, kisha hurudi kubadilisha leseni nyumbani. Saa za simuleta zilizokubaliwa na nchi ya masomo si lazima zikubaliwe kwa kiwango hichohicho na nchi ya nyumbani. Kuuliza mamlaka ya nyumbani kwa maandishi kabla ya kujiandikisha hakugharimu chochote, lakini kunaweza kuokoa gharama ya kurudia saa. Anayekwenda nje kwa ajili ya simuleta huongeza pia nauli, viza na malazi katika hesabu yake.

## Mipaka na usalama

Simuleta hufundisha vizuri kadiri inavyofanana na ndege halisi. Tarehe 12 Novemba 2001 ndege aina ya Airbus A300-600 ya American Airlines ilianguka New York baada ya bawa lake la wima la mkiani kukatika. Uchunguzi ulionyesha kwamba rubani msaidizi alikanyaga pedali kwa nguvu kupita kiasi, huku na huku. Mpango wa mafunzo wa shirika hilo, uliotumia mazoezi ya simuleta, ulitajwa miongoni mwa mambo yaliyochangia.

Mfano mwingine ni Boeing 737 MAX. Marubani waliozoea matoleo ya awali ya 737 waliruhusiwa kuhamia kwenye ndege hiyo kwa kozi fupi ya kompyuta, bila simuleta, jambo lililopunguza gharama za mashirika. Ajali ya Indonesia ya Oktoba 2018 iliua watu 189. Ile ya Ethiopia ya tarehe 10 Machi 2019, katika safari ya kwenda Nairobi, iliua watu 157, wakiwemo Wakenya 32. Mwezi Mei 2019 Boeing ilikiri kwamba programu ya simuleta za ndege hiyo ilikuwa na kasoro na haikuweza kuiga baadhi ya hali za kuruka. Ndege hizo ziliporuhusiwa tena, marubani walitakiwa kwanza kupitia mafunzo ya simuleta.